Homoni haibadilishi vinasaba vya mche

Wiki hii nimeyasikia tena hapa Tabora, sokoni. Mzee mmoja alishika mche wa nyanya mwembamba uliorefuka, akaugeuza, akasema, "Huu umetiwa homoni, wameubadilisha vinasaba." Waliokuwepo wakaafiki. Mimi nikaumia, maana hayo ni mambo mawili, na anayeyachanganya huishia kuogopa mche usio na kosa.

Homoni ya mmea ni kemikali ambayo mmea hujitengenezea, kwa kiasi kidogo mno, ili kuiamuru sehemu fulani ikue, ilale, iive au ichipue. Auksini, jiberelini, saitokinini, asidi ya absisiki na ethilini ndizo zinazofundishwa zaidi.

Neno lenyewe lilianza kutumiwa mwaka 1905 na mwanasayansi Ernest Starling wa London, akizungumzia miili ya wanyama. Alilitoa kwenye kitenzi cha Kigiriki chenye maana ya kuamsha, kukisukuma kitu kianze kwenda. Kinasaba nacho kinatokana na nasaba, yaani ukoo, ile asili mtu anayozaliwa nayo. Sasa mtu akigongewa mlango alfajiri aende shamba, ukoo wake umebadilika? Ameamshwa tu.

Tazama kimea cha togwa. Ulezi unalowekwa, unafunikwa kwa gunia, baada ya siku mbili tatu unatoa vimizizi vyeupe. Ukianikwa na kusagwa, konzi moja ndani ya uji uliopoa kidogo inaulegeza uji mzito, nao unakuwa mtamu bila sukari. Kinacholegeza ni amilesi, kimeng'enya kinachokata wanga kuwa sukari. (Kimeng'enya si homoni, ingawa wengi huviita vyote "vichocheo".) Kwenye shayiri, ambako jambo hili limechunguzwa sana, kiinitete, yaani mche mchanga uliolala ndani ya mbegu, kikipata maji hutoa jiberelini, nayo huenda hadi kwenye tabaka la seli lililo chini ya ganda. Humo kuna protini ziitwazo DELLA, zinazozuia jeni (ndivyo vinasaba kwa jina jingine) zisisomwe, yaani zisifanye kazi. Jiberelini ikishikana na kipokezi chake, DELLA huvunjwavunjwa, jeni ya amilesi inasomwa, kimeng'enya kinatengenezwa, na wanga unageuka chakula cha mche. Jeni hiyo ilikuwemo tangu mbegu ikiwa ghalani. Haikuongezwa kitu wala kupunguzwa.

Wakulima wa tumbaku kule Urambo wanalijua hili kwa mikono yao. Ukikata kilele, machipukizi yanatoka kwapani mwa majani, kwa sababu auksini iliyokuwa ikishuka kutoka kileleni kuyazuia haipo tena. Na ni tumbaku hiyohiyo ambayo wanasayansi Folke Skoog na Carlos Miller walifanyia majaribio Marekani, wakaandika mwaka 1957: tishu yake ikipewa auksini nyingi kuliko saitokinini inaota mizizi, uwiano ukigeuzwa inatoa machipukizi. Tishu ileile, vinasaba vilevile.

Mche ule wa nyanya nilikwenda kuuliza ulikokuzwa. Kitalu kilikuwa chini ya mwembe. Nyanya ikiwa kivulini huongeza auksini yake yenyewe, na shina hurefuka kutafuta mwanga. Kwa hiyo mzee wetu hakukosea yote, homoni zimo kweli. Ila hakuna aliyezitia, na vinasaba ni vilevile vilivyokuja na mbegu.