"Niko negatifu" si chanjo

Jana tena. Kijana anaanza staji, mazoezi yake ya hospitalini, Jumatatu, koti jeupe bado lina mikunjo ya dukani, ananipa karatasi ya labo iliyokunjwa mara nne. "Mama, hepatiti B niko negatifu. Niko sawa." Ni wa tano mwezi huu kuniletea hayo hapa ninapochanja. Hepatiti B ni homa ya ini inayoletwa na kirusi. Nimeamua kuandika ili wa sita asome kabla ya kupanda hizi ngazi.

Negatifu ya nini, mwanangu? Karatasi ilisema AgHBs. Hicho ni kipande cha kirusi chenyewe. Kisipoonekana, kwa kawaida hujaambukizwa, basi. Aliyemaliza chanjo na ambaye hajawahi kuiona, wote wawili wanatoka negatifu. Kinga inasomwa kwenye anti-HBs, yaani askari wa mwili dhidi ya kirusi hicho, na huko tunataka kinyume: positifu, tena yenye namba, 10 au zaidi. Vijana hawa wanakariri mishipa yote ya mkono kwa usiku mmoja, halafu "Ag" na "anti" zinawashinda.

Usinitolee kadi ya njano pia. Hiyo ni ya homa ya manjano. Kovu la BCG begani, chanjo ya kifua kikuu, lilikulinda ulipokuwa mchanga. Wodi ya kifua kikuu hailijui. Na mutuelle, bima ya afya, inachangia gharama ukishaugua, haisimami kati yako na sindano.

Sindano hiyo ndiyo inayonikosesha usingizi. Ukichomwa na yenye damu ya mgonjwa wa hepatiti B, nawe huna kinga, uwezekano wa kuambukizwa ni kati ya 6 na 30 kwa 100. VVU ni kama 0.3 kwa 100. Lakini stajieri akichomwa anakimbilia dawa za VVU (afanye hivyo, saa 72 zisipite) na hepatiti hata haikumbuki.

Dozi ni tatu: leo, baada ya mwezi, kisha mwezi wa sita. Begani, si takoni. Takoni mwili wa mtu mzima unajibu vibaya. Ukiacha baada ya mbili unaendelea ulipoachia. HUANZI UPYA. Binti mmoja alianzishwa upya mara mbili kwenye kituo fulani, kila mara analipa. Alipofika kwangu alikuwa na dozi tano mwilini na hana hata cheti kimoja kilichokamilika.

Halafu kuna jambo wasilopenda kulisikia: dozi tatu bado si jibu. Mwezi mmoja au miwili baada ya ya mwisho, unapima anti-HBs. Kati ya watu wazima 100 wenye afya, 5 hadi 10 mwili haujibu, yaani haujengi kinga, na kwa macho huwatambui. Hao wanapewa mfululizo mwingine, na wengi wanajibu. Wachache hawajibu kabisa, na lazima wajijue, maana wakichomwa wanahitaji imunoglobulini, sindano ya kinga iliyo tayari, haraka, ikiwezekana ndani ya saa 24. Kuitafuta hapa Bukavu saa nane za usiku, mvua inanyesha, ni habari nyingine.

Nami nina shaka yangu. Chanjo hii inakaa kati ya digrii 2 na 8, na ikiganda barafu imekufa. Umeme wetu unakatika, unarudi kwa nguvu, na friji ya farmasi inagandisha chupa iliyobanwa kwenye ukuta wa nyuma. Mwaka jana kijana aliniletea yake aliyoinunua mwenyewe. Niliitikisa, nikaiacha mezani. Baada ya dakika chache unga mweupe ulikuwa umetuama chini, juu maji matupu. Nikaitupa mbele yake, akanuna, na ana haki, ilikuwa pesa ya kodi ya chumba. Sasa, ninapoona anti-HBs ya 2 kwa mtu aliyechanjiwa nisikokujua, naandika "hakujibu". Lakini siwezi kuapa kama ni mwili wake au ni friji.

Huyu wa jana nilimchoma dozi ya kwanza, bega la kushoto. Jumatatu anaingia wodini akiwa karibu kama hajachanjwa. Nimemwomba kitu kimoja: sindano ukishaitumia, usiirudishie kifuniko, itupe moja kwa moja kwenye boksi. "Ndiyo, Mama," akasema, macho yakiwa kwenye simu.