Wembe wa Zamani: Kung'aa Si Uzima

"Fundi, huu unang'aa kama kioo. Wewe ninolee tu."

Maneno hayo nimeyasikia mara nyingi mno, na linaloniudhi ni hilo "tu" la mwisho. Mteja kanunua wembe wa kukunja mtandaoni, picha zilimvutia, kalipa zaidi ya bei ya wembe mchafu uliokuwa ukiuzwa kando yake, na sasa anauvua karatasi kwa fahari. Nauinua, nautazama mgongo kwenye mwanga wa dirisha, na moyo unanishuka.

Basi tuanze na dhana hiyo, maana ndiyo inayokula fedha za watu: kwamba wembe unaong'aa ni wembe mzima. Wembe wa zamani ulioachwa na rangi yake ya uzee, kijivu chenye mawingu ya kahawia, hauna siri. Madhara yote yaliyoupata unayaona. Ule uliopitishwa kwenye gurudumu la mashine ya kung'arishia umefutiwa kumbukumbu zake. Kutu haifutiki kama masizi ya sufuria. Kutu ni chuma kilekile kilichogeuka, na ilipokuwa nzito imeacha kishimo. Ili kishimo kisionekane hakuna njia ila kushusha chuma chote kinachokizunguka. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Na chuma hicho huondoka mahali pabaya. Mgongo wa wembe si pambo. Ukiulaza wembe kwenye kinoo, unagusa jiwe kwa mgongo na makali kwa pamoja, kwa hiyo unene wa mgongo ndio unaopanga pembe ya makali. Chukua wembe wa kawaida wa 5/8 ya inchi, yaani upana wa karibu milimita 16. Mgongo wa milimita 4.5 unakupa pembe ya nyuzi 16 hivi, na hapo panafaa kabisa kunyolea. Usage mgongo huo hadi milimita 3.8 bila kugusa upana, pembe inashuka chini ya nyuzi 14. Makali ya namna hiyo yanakata ajabu siku ya kwanza, kisha yanamomonyoka, na mteja anarudi kunilaumu mimi. Naweza kubandika utepe wa fundi umeme mgongoni ili kuinua pembe, na huwa nafanya hivyo, ila inakera kuona mtu ameuziwa mgonjwa wa mkongojo kwa bei ya mkimbiaji.

Halafu kuna joto. Ukingo wa wembe uliochimbwa sana ubavuni, yaani uliokwanguliwa mbonyeo pande zote mbili kati ya mgongo na makali, ni mwembamba kama karatasi, na gurudumu linaweza kuuchoma kwa sekunde chache. Chuma kikichomwa hupita rangi ya majani makavu, kahawia, zambarau, hadi buluu kwenye nyuzijoto 300 hivi za Selsiasi. Ugumu wa wembe huwa umeanza kupotea kabla hata buluu haijafika. Tatizo ni kwamba gurudumu lililochoma ndilo hilohilo linalofuta rangi, kwa hiyo picha haikuonyeshi kitu. Utajua siku ya kunoa, makali yatakapokubali kuja na kukataa kukaa.

Hata hivyo picha zina njia ya kumsaliti muuzaji. Tazama maandishi kwenye shina, ile sehemu isiyo na makali karibu na mpini, pale jina la kiwanda lilipogongwa. Herufi zikiwa zimefifia na kingo zake zimelainika, chuma kimeliwa. Tazama mstari unaotenganisha mgongo na ubavu uliochimbwa: wembe ambao haujaharibiwa una mstari mkali, ulioonewa na gurudumu una mabega ya mviringo kama sabuni iliyotumika. Vishimo vilivyobaki vikiwa laini na vinang'aa ndani, kama uso wa mtu aliyepona ndui, ujue kutu iliwahi kutawala hapo. Na muuzaji akipiga picha upande mmoja tu, mwombe wa pili. Omba pia picha ya mgongo kutoka juu, na ya makali yakielekea kamera kwenye mandhari nyeusi. Doa linalometa kwenye makali ni pengo au sehemu iliyobapa, kwa sababu makali mazima hayarudishi mwanga. Akikataa picha hizo nne, mimi sinunui, hata wembe uwe mzuri kiasi gani.

Dhana nyingine ninazozisikia ni fupi.

"Mgongo umelika, kwa hiyo umekufa." Kila wembe ulionolewa una bapa mbili nyembamba mgongoni. Zikilingana pande zote, sawa. Zikiwa pana upande mmoja na nyembamba mwingine, ama wembe umepinda ama uliangukia mikono mibaya.

"Una madoa meusi, achana nao." Swali ni yako wapi. Karibu na mgongo yanaweza kukaa miaka yote yasikudhuru. Kwenye makali ni habari nyingine, kwa sababu kila ukinoa unakutana na kishimo kipya, na kila kishimo kikifika ukingoni kinakuwa pengo.

"Umeandikwa Solingen." Ni kweli mji huo wa Ujerumani ulitengeneza nyembe bora sana, kama Sheffield kule Uingereza na Thiers kule Ufaransa. Lakini hicho ni cheti cha kuzaliwa, si cheti cha daktari. Na ukiona neno "Germany" au "England" limegongwa kwenye shina la wembe unaosifiwa kuwa wa mwaka 1850, tia shaka: sheria ya Marekani ya mwaka 1890 ndiyo iliyolazimisha bidhaa za kigeni kuandikwa nchi zilikotoka, na wauzaji wa nje wakaanza kuitii mwaka 1891.

"Unakata nywele za mkono, uko tayari kunyolea." Hata kisu cha jikoni kilichonolewa vizuri kinakata nywele za mkono. Weka gharama ya kunoa kwenye bajeti yako, muuzaji aseme asemavyo.

"Makali yamebonyea katikati kidogo, kinoo kitarekebisha." Kitarekebisha kwa kula upana wa wembe mzima. Makali yaliyopinda nje kama tabasamu yananoleka; yaliyobonyea ndani waachie wengine.

"Ufa mdogo si neno." Hapa sibishani na mtu. Pengo linaweza kunolewa likaisha. Ufa, hata uwe mwembamba kama unywele, hauna tiba, na wembe wenye ufa hausogezwi shingoni.

La mwisho ni mpini, ambao wengi huupita kana kwamba ni kasha tu. Mipini mingi ya zamani ni seluloidi, aina ya plastiki ya kale, na seluloidi ikianza kuoza hutoa mvuke wa asidi. Dalili yake ni kutu iliyojipanga hasa pale wembe unapolala ndani ya mpini, pamoja na mpini wenye ukungu, jasho au nyufa ndogo ndogo. Ukiletewa wa namna hiyo, utoe kwenye mpini siku hiyohiyo, na usiulaze droo moja na nyembe zako nyingine hata usiku mmoja. Mvuke huo hauchagui wembe.