AC na vibali Mombasa: mambo tunayoambiana ambayo si kweli

Kaskazi ikishaingia, Desemba kwenda Machi, kila mtu Mombasa anatafuta fundi wa AC na fundi naye ana haraka amalize kwako aende kwengine, na hapo ndo habari ya vibali inapotupwa pembeni. Utaskia "hii haina kibali, ni kutoboa ukuta tu". Mara nyengine ni kweli, mara nyengine ni hasara kubwa, kwa hivo nimekusanya yale ninayoyaskia sana mitaani.

"Kibali ni kimoja, unakichukua kaunti, basi." Hapana. Hakuna karatasi moja inayomaliza mambo yote. Jengo lenyewe ni la kaunti. Umeme ni EPRA, mamlaka inayosimamia mambo ya kawi, na Kenya Power. Ukuta wa nje, kama mko fleti, una wenyewe wengi. Na Mji wa Kale kuna watu wa Makumbusho. Alafu kuna wale wa Mtwapa wanaokuja kuulizia kisiwani, jamani, Mtwapa ni Kilifi, na ukivuka Likoni ukafika Diani hiyo ni Kwale, nenda kaunti yako.

"AC ni kitu kidogo, kaunti haihusiki kabisa." Hapa inategemea umefanya nini. Split moja (ile AC yenye kipande cha ndani na mashine ya nje) ya 12,000 BTU, yaani kipimo cha nguvu ya kupoza, tundu la bomba na mabano mawili nje, jengo linabaki vile lilivyokuwa. Lakini ukivunja ukuta, ukamwaga zege juu ya paa ili mashine zikae, ukapitisha mifereji ya hewa kwenye dari la nyumba nzima, ama ukafunga balkoni ikawa chumba ndo uweke AC, hapo umeingia kwenye ujenzi. Sheria ya mipango na matumizi ya ardhi ya 2019 inataka kibali kabla hujaanza kazi, si baada ya kanjo, askari wa kaunti, kuja, na ukipatikana na hatia faini yaweza kufika shilingi 500,000 au kifungo mpaka miezi 2 au vyote viwili. Mimi ningebeba mchoro niwaulize idara ya mipango kwanza, hata kama fundi anacheka.

Kinachofanya watu wakwepe ni ile imani kwamba ukipeleka ombi litalala huko mwaka mzima. Sheria hiyohiyo inasema ukikaa siku 60 bila jibu la maandishi, inachukuliwa umekubaliwa. Ndo maana nasisitiza: usiache ombi kaunti bila kuondoka na nakala yenye muhuri na tarehe, manake bila hiyo utathibitisha vipi siku zako zilianza lini? Na ukikataliwa una siku 14 za kukata rufaa kwa kamati ya kaunti inayoskiza mambo ya mipango. Wengi hawajui hata kama hiyo kamati iko.

Sasa hii ya umeme ndo inayoniuma. "Fundi wa AC anajua stima pia." Anaweza kuwa anajua, lakini kujua na kuwa na leseni ni vitu viwili, na kazi ya kuweka nyaya za umeme Kenya ni ya mtu mwenye leseni ya EPRA, iko kwenye sheria ya kawi ya 2019. Leseni zina madaraja, C2 kwa mfano ni ya fezi moja, yaani umeme unaoingia kwa laini moja, zile nyumba zetu nyingi za kawaida, kazi kubwa zaidi zinataka daraja la juu. Muulize namba yake kabla hujamlipa kishika kazi, kisha uitafute kwenye orodha ya EPRA mtandaoni, haichukui muda. Akianza kukasirika kwa sababu umeuliza leseni, huyo mwache.

Na nini hasa kinaharibika? AC ya 12,000 BTU inavuta kama kilowati moja na kitu, si nyingi ukiitazama peke yake, shida ni kwamba inavuta usiku kucha, miezi minne mfululizo, na fundi wa haraka ameiunga kwenye waya wa soketi ambao tayari una friji na pasi na pampu ya maji. Waya unapata moto ndani ya ukuta, huoni, mpaka siku unaskia harufu. AC inataka waya wake wenyewe kutoka kwenye bodi, breka yake, na erthi, ule waya wa kwenda ardhini, inayofanya kazi kweli. Ukiweka nne nyumba nzima basi enda Kenya Power uombe kuongezewa mzigo, na mwenye leseni akupe cheti cha waya. Kiweke hicho cheti, utakihitaji siku ya kuuza nyumba au ya kudai bima.

"Fleti nimeinunua, ukuta ni wangu." Wa ndani, sawa. Chini ya sheria ya 2020 ya fleti zenye hati tofauti, kuta za nje kwa kawaida ni mali ya pamoja, kwa hivo unaandikia usimamizi wa jengo, wanakujibu kwa maandishi, ndo unatoboa. Uliza pia maji ya AC yatamwagika wapi, manake ugomvi mwingi Nyali na Tudor unaanzia kwenye nguo za jirani wa chini. Na mpangaji naye amwandikie mwenye nyumba, ruhusa ya keateka, yule mtunza jengo, haitoshi.

Mji wa Kale ni eneo la uhifadhi. Watu wanadhani bora nyumba ni ya urithi wa babu basi wanaweza kutundika mashine juu ya mlango wa nakshi. La, ukigusa uso wa nyumba unaanza na ofisi ya uhifadhi iliyo chini ya Makumbusho ya Taifa, na mara nyingi jawabu si kukataa, ni kuihamisha mashine iende uani au darini isionekane njiani. Mimi nawaunga mkono kabisa. Zile balkoni za mbao zikitobolewa hazirudi.

La mwisho, "gesi ni gesi, ongeza yoyote". R22, gesi ya AC za zamani, inaondolewa chini ya Mkataba wa Montreal, kwetu na nchi kama sisi lengo ni 2030, kwa hivo AC ya mtumba ya R22 ni ya kufikiria mara mbili hata kama bei ni tamu. Na R32 ya mashine mpya inaweza kushika moto kidogo, haichanganywi na nyengine. Aina ya gesi imeandikwa kwenye kibandiko cha mashine ya nje, kisome kabla fundi hajafungua mtungi.