Ripita nyingi sio spidi nyingi: yanayosemwa kuhusu mitandao ya kupokezana na ukweli wake

Hii mnaijua wote, net ikizingua chumba cha nyuma mtu anakwambia weka ripita (kale kakifaa kanakopokea wifi na kuirusha tena mbele), ikizingua tena weka nyingine. Alama za wifi kwenye simu zitajaa kweli, ila spidi je? Ripita yenye redio moja haiwezi kupokea na kutuma kwa wakati mmoja kwenye chaneli ileile, inasikiliza kwanza af ndo inarudia, kwa hiyo kila paketi (kipande cha data) inapita hewani mara mbili na spidi inabaki kama nusu. Ukizipanga nyingi kwenye mstari ni balaa zaidi, maana moja ikiongea majirani zake inabidi wanyamaze. Watafiti wa MIT, chuo kikuu cha Marekani, walionyesha mwaka 2001 kwamba mstari mrefu wa nodi (vifaa vinavyopokezana data) kinadharia unabaki na robo ya uwezo wa hopu moja, yani mruko mmoja kutoka kifaa hadi kifaa, na kwa 802.11, ile sanifu ya wifi, jinsi ilivyo unashuka hadi karibu moja ya saba.

Af kuna wale wa "njia fupi ndo nzuri". Kwenye waya sawa, hewani hapana. Tupige hesabu: linki (muunganiko wa vifaa viwili) ya moja kwa moja ila hafifu, nusu ya paketi zinafika na nusu ya majibu ya kuthibitisha yanarudi, 0.5 mara 0.5 ni 0.25, yani kwa wastani kila paketi utaituma mara 4. Sasa pitia kwa jirani wa katikati mwenye linki safi, 0.9 kwenda na 0.9 kurudi, kila hopu ni kama mara 1.23, hopu mbili jumla 2.5 hivi. Njia "ndefu" imekula hewa kidogo! Kipimo hiki cha kuhesabu paketi itatumwa mara ngapi kinaitwa ETX, kilitoka MIT mwaka 2003, na mtandao wao wa Roofnet uliokuwa juu ya mapaa kule Cambridge, Massachusetts ulijengwa kwa mawazo hayohayo. Ukihesabu hopu tu ruta itachagua linki ndefu ndefu, na hizo ndo mbovu mara nyingi.

Zamu sawa kwa wote ni haki? Mmh. Simu iko mbali inaongea kwa 1 Mbps (megabiti kwa sekunde), laptop iko pembeni ya ruta kwa 11 Mbps, ukiwapa paketi moja moja kwa zamu basi simu inashika hewa karibu mara 11 zaidi na wote wawili wanaishia chini ya 1 Mbps. Gawa muda wa hewani, sio idadi ya paketi.

Ya mwisho ni ya wasomi: algorithimu (kanuni ya kuamua nani atume na lini) ikithibitishwa kuwa bora basi net itakuwa fasta. Mwaka 1992 watafiti Tassiulas na Ephremides walitoa ile ya kuangalia foleni, yani paketi zinazosubiri kutumwa: kila nodi inalinganisha foleni yake na ya jirani, af zinaruhusiwa kutuma linki zisizogongana zenye jumla kubwa zaidi ukizidisha tofauti ya foleni kwa spidi ya linki. Inabeba mzigo wowote ambao mtandao unaweza kuubeba, na hata kiwango cha trafiki huhitaji kukijua mapema, kazi nzuri sana kwa kweli. Ila haijaahidi kuwahi. Mzigo ukiwa mdogo hakuna foleni ya kusukuma paketi kuelekea zinakokwenda, zinazurura tu, zinaweza hata kurudi zilikotoka, na kwenye simu ya sauti hilo utalisikia mara moja.