Kadi ya Wi-Fi "iliyokufa": maana yake katika laptopu ya zamani

Kadi ya Wi-Fi ni kibao kidogo cha kielektroniki kinachoiwezesha laptopu kutuma na kupokea data kwa mawimbi ya redio badala ya waya. Katika laptopu nyingi za miaka ya 2000 kibao hicho hakikugandishwa kwenye ubao mama (ubao mkuu unaobeba vipande vya kompyuta), bali kilichomekwa katika tundu lake chini ya kifuniko kilichofungwa kwa skrubu mgongoni mwa mashine, na ndiyo maana kinaweza kuchomolewa na kubadilishwa. Mashine za mwanzoni mwa muongo huo zilitumia tundu la Mini PCI; baadaye zikaja zenye Mini PCI Express, ambalo ni dogo zaidi, na kadi ya tundu moja haiingii katika jingine.

Mwenye laptopu ya namna hiyo anaposema kwamba kadi imekufa, mara nyingi alichokiona ni kimoja tu, yaani intaneti haipatikani. Neno "kufa" hapo hutumika mapema mno. Ili data ipite, kadi haina budi kuonekana na mashine, iwe na programu ya kuiendesha, redio yake iwe imewashwa, antena zake ziwe zimeshika, kisha isikilizane na ruta, yaani kifaa kinachosambaza mtandao nyumbani au ofisini. Kukosekana kwa lolote kati ya hayo humfikia mtumiaji kwa sura ileile ya alama ya Wi-Fi yenye msalaba mwekundu.

Swali la kwanza, basi, ni kama mashine inaiona kadi. Katika Windows hufunguliwa orodha ya vifaa (Device Manager). Katika Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta, huandikwa amri lspci -nn, na kila kifaa hutokea na namba yake ya utambulisho, kwa mfano 14e4:4311. Sehemu ya kwanza humtaja mtengenezaji (14e4 ni Broadcom, 8086 ni Intel) na ya pili huitaja aina ya kadi. Namba hiyo hutoka katika kadi yenyewe, wala haihitaji programu yoyote ya kuiendesha, kwa hiyo ikionekana tu, aghalabu kadi ina uhai na tatizo litafutwe kwingine. Isipoonekana, angalia kwanza kama haikuzimwa katika mipangilio ya BIOS (programu ya msingi inayoiamsha mashine kabla ya Windows au Linux), kisha zima mashine, toa chaja na betri, uichomoe kadi na kuirudisha kwa uthabiti. Miguu yake ya shaba hupata ukungu kwa miaka, na kuipangusa taratibu kwa kifutio safi cha penseli kumeshafufua kadi zilizokwisha kuhukumiwa.

Kadi inayoonekana lakini haifanyi kazi huenda imekosa kiendeshi, yaani programu inayoufundisha mfumo wa kompyuta namna ya kuzungumza na kifaa hicho. Hapa kuna jambo linalowachanganya wengi: baadhi ya kadi huhitaji vitu viwili. Kadi za zamani za Broadcom zimekuwa na kiendeshi kiitwacho b43 ndani ya Linux tangu toleo la 2.6.24 la mwaka 2008, lakini kadi yenyewe huhitaji pia programu dhibiti, ambayo hupakiwa ndani yake kila inapowashwa, na kwa sababu za leseni programu hiyo haikuambatanishwa na kiendeshi. Matokeo yake ni kwamba kiendeshi kipo, kadi ipo, na mtandao haupo. Ukiandika dmesg, amri ya Linux inayoonyesha ujumbe wa mfumo, utasoma malalamiko ya faili lililokosekana. Na kwa kuwa faili lenyewe liko kwenye intaneti, njia ya mkato ni kuunganisha laptopu na ruta kwa waya, au kuchomeka simu kwa waya wa USB na kuiruhusu igawe intaneti yake, mpaka faili lipatikane.

Redio iliyozimwa ni jambo jepesi ambalo hupoteza muda mwingi kuliko linavyostahili. Laptopu nyingi za wakati ule zilikuwa na swichi ndogo ya kusogeza pembeni, ambayo husukumwa bila kujua mashine inapoingizwa mkobani. Katika Linux, amri rfkill list huonyesha kama kizuizi ni cha programu au cha swichi yenyewe. Cha swichi hakiondolewi kwa amri yoyote, ni mpaka kidole kiisogeze.

Sehemu inayohitaji subira zaidi ni ile ya kadi nzima kabisa ambayo haisikilizani na ruta ya leo. Viwango vya Wi-Fi hubadilika: 802.11b ya mwaka 1999 ilifika megabiti 11 kwa sekunde, 802.11g ya mwaka 2003 ikafika 54, na vyote viwili hutumia masafa ya gigahezi 2.4 peke yake. Ruta iliyopangwa kutangaza mtandao katika gigahezi 5 tu haipo kabisa machoni pa kadi hizo, hata zikiwekwa juu yake. Vivyo hivyo ruta ikichagua chaneli (kipande cha masafa hayo) ya 12 au 13, kadi iliyotengenezwa kwa soko la Marekani huenda isiione, kwa kuwa huko kadi huishia kwa kawaida chaneli ya 11. Kuirudisha ruta kwenye chaneli ya 1, 6 au 11 humaliza fumbo hilo.

Tofauti ya ulinzi ni danganyifu zaidi, maana mtandao huonekana, nywila huandikwa kwa usahihi, na bado mashine huikataa au huiuliza tena na tena. Mtumiaji huilaumu kumbukumbu yake. Kumbe ruta inadai WPA3, njia ya kulinda mtandao iliyotangazwa mwaka 2018, ilhali kadi au mfumo wake haujui zaidi ya WPA2, njia iliyotangulia. Hata WPA2 ya mwaka 2004 haikuwa ndani ya Windows XP tangu mwanzo; ilikamilika humo kwa Service Pack 3, kifurushi cha masasisho cha mwaka 2008. Ufumbuzi ninaoupendelea ni kufungua katika ruta mtandao wa wageni wa gigahezi 2.4 wenye WPA2, laptopu ya zamani ikakaa huko peke yake. Kuuteremsha mtandao wote hadi WEP, ulinzi wa zamani zaidi, kwa ajili ya mashine moja ni kosa, kwani udhaifu wa WEP ulikwisha kuanikwa hadharani mwaka 2001 na leo huvunjwa kwa dakika chache.

Ikiwa laptopu inaupata mtandao inapokaa karibu na ruta tu, fungua kifuniko na utazame antena. Utaona nyaya mbili nyembamba, kwa kawaida nyeusi na nyeupe, kila moja ikiishia na kichwa cha duara chenye rangi ya dhahabu, kidogo kuliko punje ya mchele, kinachobanwa juu ya kadi kwa mlio mdogo wa "tik". Kikifunguka, kadi hubaki na sikio lisilosikia. Nyaya hizo hupita katika bawaba na kupanda hadi pembezoni mwa kioo, na bawaba iliyofunguliwa na kufungwa kwa miaka huweza kuzikata kwa ndani bila alama yoyote nje.

Huunganika, lakini tovuti zote zinakataa? Tazama saa ya mashine. Betri ndogo ya ubao mama, mara nyingi CR2032 ya volti 3, ikiisha, tarehe hurudi nyuma miaka mingi na vyeti vya usalama vya tovuti huonekana batili. Kadi haina hatia.

Pale kadi ilipokufa kweli, tahadhari kabla ya kununua nyingine: baadhi ya watengenezaji waliweka katika BIOS orodha ya kadi zinazokubalika, na mashine ikikuta kadi ya kigeni hukataa kuwaka na kuonyesha ujumbe wa makosa. Adapta ya USB, yaani kifaa kidogo cha Wi-Fi kinachochomekwa nje ya mashine, huukwepa mtego huo, mradi iwe na kiendeshi cha mfumo uliomo. Angalia pia aina ya tundu: USB 2.0 hupitisha megabiti 480 kwa sekunde, lakini laptopu ya zamani zaidi yenye USB 1.1 huishia 12, na hapo adapta ya kasi kubwa haitaleta tofauti yoyote na ile ya bei nafuu.