Joto na vigunduzi vya maikrowevu: dhana potofu na ukweli

Radiomita, kifaa kinachopima joto la vitu kwa mbali kupitia maikrowevu, haitumi mawimbi. Inapokea tu mnururisho hafifu ambao kila kitu chenye joto hutoa, diodi (ndiyo kigunduzi chenyewe) inaugeuza kuwa volti, nasi tunasoma volti hizo kwa kelvini, yaani nyuzi za joto zinazohesabiwa kuanzia sifuri kamili.

Dhana: Radiomita inapima joto la nje, kwa hiyo joto la kigunduzi chenyewe halina neno.

Lina neno kubwa. Diodi ikipata joto ukinzani wake hushuka, na nguvu ileile ikiingia, milivolti zinazotoka si zilezile. Amplifaya, yaani vikuza ishara, nazo hupungua nguvu ya kukuza. Bahari ikitazamwa kwa gigahazi 1.4 husomeka karibu kelvini 100. Ongeza kelele, yaani ishara ya ziada inayotoka kwenye mitambo yenyewe, tuseme kelvini 200. Mwitikio (volti zinazotoka kwa nguvu inayoingia) ukiyumba kwa asilimia 1 tu, umekosea kelvini 3. Aquarius, kifaa cha NASA kilichorushwa mwaka 2011 kwenye setilaiti ya Argentina, kilikusudiwa kupima chumvi ya bahari kwa usahihi wa takriban gramu 0.2 kwa kila kilo ya maji. Kiasi hicho hubadilisha usomaji kwa kelvini 0.1 hivi! Ndiyo maana wahandisi wake walihangaika sana na uthabiti wa joto.

Dhana: Dawa ni kupoza.

Kupoza hupunguza kelele za amplifaya, na kwa wanaastronomia hilo ni jambo kubwa. Kinachopotosha vipimo, hata hivyo, ni joto kupanda na kushuka. Tena diodi ya Schottky (aina ya diodi iliyounganisha chuma na semikondakta) isiyopewa volti ya kuiamsha, ukiipoza mno ukinzani wake hupanda hadi isipokee nguvu vizuri. Radiomita nyingi za ardhini hupashwa kwa hita na thamostati, sanduku likae juu kidogo ya joto la mchana. Kwangu mimi, nyuzi 40 za Selsiasi zilizotulia ni bora kuliko 15 zinazoyumba.

Dhana: Swichi ya Dicke ilimaliza tatizo.

Robert Dicke alieleza mbinu yake mwaka 1946: kifaa kipokee antena na kipimo rejea, chenye joto linalojulikana, kwa zamu, haraka haraka. Kosa hubaki kwenye tofauti ya hivyo viwili. Antena ikiwa kelvini 100 na rejea 300, asilimia 1 bado ni kelvini 2. Na kilichoko mbele ya swichi hakirekebishwi kabisa. Kebo inayopoteza desibeli 0.1 tu (karibu asilimia 2 ya nguvu), ikiwa kwenye kelvini 300, huongeza karibu kelvini 7 zake yenyewe, zinazobadilika kadiri kebo inavyopata jua au kivuli. Ibandike kipimajoto.

Dhana: Kalibresheni ya maabara (kulinganisha kifaa na joto linalojulikana) inatosha.

Haitoshi. Kifaa cha AMSU-A, radiomita ya kupima joto la angahewa kwenye setilaiti za hali ya hewa, hutazama shabaha yenye joto na anga tupu ya kelvini 2.7 katika kila mzunguko wa sekunde 8. Kupinda kwa mwitikio kati ya ncha hizo mbili nako hutegemea joto la kifaa, kwa hiyo hupimwa kwenye chumba cha ombwe, katika viwango kadhaa vya joto, kabla ya kurushwa.