Reli ya Tanga–Arusha: Yanayosemwa Jukwaani na Hali Ilivyo Njiani

Treni za abiria zilikoma miaka ya 1990, za mizigo 2007. Mizigo ilirejea Moshi Julai 2019, abiria Desemba mwaka huo, na Arusha ikafikiwa 2020. Mabishano hayajaisha, na mengi yamejengwa juu ya dhana hizi.

Dhana: Reli ipo, fyekeni nyasi treni ipite.
Kufyeka ndiyo kazi ndogo kuliko zote. Njia iliyolala miaka 12 huwa imeibwa vifungio, mataruma (vipande vya mbao au chuma vinavyolazwa chini ya reli) yameoza au yameliwa na kutu, na kokoto zimejaa udongo. Hapo ndipo ajali huanzia: kokoto zenye tope hazichuji maji, tuta linalainika, reli ya upande mmoja inazama, behewa linaacha njia. Kwa hiyo matengenezo huanzia chini: kuzibua kalavati, kushindilia tuta, halafu mataruma na reli, kisha kujaza na kushindilia kokoto. Ukiweka reli mpya juu ya kalavati lililoziba, masika ya kwanza yatakurudisha mwanzo.

Dhana: Geji ya mita imepitwa na wakati, tungoje SGR.
Geji ni upana kati ya reli mbili; SGR ni reli ya geji ya milimita 1,435. Malaysia inaendesha treni za abiria kwa kilomita 140 kwa saa juu ya geji hiyohiyo ya milimita 1,000. Mwendo wetu unazuiwa na hali ya njia. Anayetaka SGR hadi Arusha ana hoja, ila akumbuke kwamba kipande cha Mnyusi–Ruvu, kilichofunguliwa 1963, kinaiunganisha Tanga na Reli ya Kati ya zamani. Behewa la milimita 1,435 halipiti huko. Mzigo utafaulishwa, yaani utahamishwa kutoka behewa hadi behewa, na kufaulisha ni gharama.

Dhana: Nauli zitaendesha reli.
Mizigo ndiyo huilisha. Behewa moja hubeba takribani tani 40. Mabehewa 20 ni tani 800, kazi ya malori 27 hivi ya tani 30. Saruji ya Tanga inasafirishwa kupanda Moshi na Arusha. Kinachoua hesabu ni mabehewa kuteremka matupu. Mgombea anayeahidi treni aulizwe: kutoka Arusha na Moshi utashuka mzigo gani, na nani ameusainia mkataba?

Dhana: Treni ikikoma, hifadhi ya reli inakuwa ya wananchi.
Haiwi. Hifadhi, yaani ukanda wa ardhi kandokando ya njia, kwa kawaida ni mita 15 mjini na 30 vijijini, kila upande. Lakini kumwacha mtu ajenge miaka yote hiyo, kisha kumpakia alama ya X ya kubomolewa ukutani, ni kumwonea. Vigingi vya mipaka viwekwe sasa, kabla hajachimba msingi.